Kufufua Kombi la kale baada ya kustaafu: Kutu kwanza, injini baadaye

KWA miaka mingi Kombi la Volkswagen lilikuwa gari la kazi tu nchini Kenya. Katika miaka ya sitini na sabini lilipakwa mistari ya punda milia, likakatwa paa ili watalii wasimame na kutazama ndovu na simba, kisha likazungushwa mbuga hii hadi ile mpaka likachoka. Shule, hospitali na misheni zililitumia vivyo hivyo. Baadaye magari ya Kijapani, hasa ya Nissan na Toyota, yalikuja na kulisukuma kando, nalo likabaki nyuma ya nyumba na chini ya miti, kuku wakitagia ndani yake.

Leo gari lilo hilo linasakwa kwa udi na uvumba. Aghalabu wanaolisaka ni watu waliomaliza safari ya ajira: watoto wameshajitegemea, kiinua mgongo kimeingia benki na siku zimekuwa ndefu kuliko shughuli zilizopo. Uingereza na Ujerumani, kufufua Kombi la kulala, yaani lenye kitanda, meza, jiko na tangi dogo la maji, kumekuwa desturi ya wastaafu kwa miongo kadhaa. Nchini Kenya, ambako watumishi wa umma hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60 tangu kiwango hicho kilipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009, wapo pia wanaoulizia bei ya gari waliloliona wakiwa watoto.

Shughuli yenyewe si ya kubezwa. Inaweza kumpa mtu miaka mingi ya raha, na inaweza vilevile kumeza kiinua mgongo chote na kumwachia mifupa ya chuma iliyofunikwa turubai. Tofauti baina ya hali hizo mbili huamuliwa mara nyingi siku ya kununua. Tena haiamuliwi na injini, jinsi wengi wanavyodhani, bali na kutu.

CHIMBUKO LA GARI

Wazo la Kombi lilitoka kwa mfanyabiashara wa Uholanzi, Ben Pon, aliyekuwa akinunua magari ya Volkswagen ili kuyauza kwao. Alipozuru kiwanda cha Wolfsburg, Ujerumani, aliona vigari vya kubebea vipuri ambavyo wafanyakazi walikuwa wameviunda kwa chesisi na injini ya Beetle. Mnamo Aprili 23, 1947, alichora katika daftari lake umbo la kisanduku, dereva akiwa mbele kabisa na injini ikiwa nyuma. Utengenezaji ulianza Machi 8, 1950, kwa injini ya nguvu za farasi 25 pekee. Mwaka 1956 kazi hiyo ilihamishiwa kiwanda kipya cha Hannover.

Jina Kombi ni ufupisho wa neno la Kijerumani Kombinationskraftwagen, yaani gari la matumizi mseto: leo abiria, kesho mizigo. Jina hilo lilienea kusini mwa Afrika kiasi kwamba nchini Zimbabwe kombi ni matatu yoyote ile, hata ikiwa ni Toyota.

Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kuligeuza gari hilo kuwa chumba cha kulala. Nchini Uingereza kazi kama hiyo ilifanywa na kampuni za Devon, Danbury na Dormobile, hii ya mwisho ikijulikana kwa paa lake lililofunguka kwa ubavu.

Wapenzi wa Kombi huligawa kwa vizazi. Cha kwanza, T1, kilitengenezwa hadi 1967 na hutambulika kwa kioo cha mbele kilichogawika mara mbili. Cha pili, T2, chenye kioo kimoja kilichopinda na mlango wa kusukuma ubavuni, kiliendelea Ujerumani hadi 1979. Baada yake kikaja T3, kipana na chenye pembe, ambacho miaka michache baadaye kilipewa injini za kupozwa kwa maji. Brazili, kwa upande wake, haikuiacha T2 hadi Desemba 2013, wakati sheria ya nchi hiyo ilipolazimisha magari mapya yawe na mifuko ya hewa na breki zisizojifunga, mambo ambayo umbo hilo la kale halingeweza kuyapokea.

Ukaidi huo wa Wabrazili umewafaa wengi. Kwa sababu yake, vipuri vya T2 bado vinapatikana kwa wingi, na hicho ndicho kizazi kinachomfaa zaidi mtu anayeanza. Kuna tahadhari moja tu. Magari ya Brazili na Ujerumani yana usukani upande wa kushoto. Pistoni, breki na vioo kutoka huko vitatoshea, ilhali sanduku la usukani, dashibodi na mitambo ya waipa havitatoshea gari la Kenya. Hivyo ni sharti vitafutwe Uingereza, Australia au Afrika Kusini. Hata mlango wa kusukuma uko upande tofauti: katika magari ya kuendeshwa kulia, mlango huo uko ubavu wa kushoto.

KUTU, ADUI WA KWANZA

Tofauti na Land Rover, ambayo bodi yake hukaa juu ya chesisi inayojitegemea, Kombi limeunganishwa bodi na fremu kuwa kitu kimoja. Mabati ya chini, kuta za pembeni na vyuma vya sakafuni ndivyo vinavyobeba uzito wote. Kutu ikiingia humo, haiharibu sura tu. Inavunja uti wa mgongo wa gari.

Kwa hivyo mnunuzi mwerevu hafungui mfuniko wa injini kwanza. Hulala chini akiwa na kurunzi, bisibisi na sumaku. Bisibisi hugongeshwa taratibu kwenye vizingiti vya milango, mahali pa kuwekea jeki, matao ya magurudumu, sehemu ya betri karibu na injini, na chuma cha mbele kinachoshika magurudumu. Chuma kizima hulia. Kilichooza humeza ncha ya bisibisi. Sumaku nayo hupitishwa kwenye bodi iliyong'arishwa. Isiponata, hapo pana fila, ile dawa ngumu ambayo mafundi hujazia mabonde, na chini yake huenda hakuna bati kabisa.

Ipo pia njia nyingine iliyo rahisi. Gari likiinuliwa kwa jeki upande mmoja, mlango wa kusukuma ufunguliwe na kufungwa. Ukikwama ilhali ulikuwa ukiteleza vizuri gari lilipokuwa chini, bodi inajikunja na mnunuzi anaweza kumuaga mwenye gari kwa heshima na kwenda zake.

Mahali gari lilipokaa ni muhimu kuliko umri wake. Kombi lililokaa Mombasa au Malindi limekuwa likipokea upepo wa chumvi mchana na usiku. Lililoachwa kwenye ghala kavu Nanyuki au Nakuru laweza kuwa na rangi iliyopauka na viti vilivyotafunwa na panya, na bado likawa bora mara nyingi zaidi. Rangi na viti hununuliwa. Bodi nzima haipatikani kwa urahisi, kwani kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka minane. Ni lazima Kombi litafutwe humu humu nchini.

Kazi ya kuchomelea inahitaji fundi anayejua mabati membamba. Mafundi wengi wa jua kali ni hodari wa milango ya chuma na mageti, lakini moto uleule unaofaa geti hupinda bati la Kombi kama karatasi. Mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi ndiyo inayofaa. Aidha, kabla ya kizingiti kukatwa, sharti milango ishikiliwe kwa vyuma vya muda kutoka ndani, la sivyo gari litalegea katikati na milango haitafunga tena. Kazi ikikamilika, mashimo yote yaliyofichika hupuliziwa nta ili unyevu usirudi. Hatua hii ya mwisho ndiyo mafundi wenye haraka huiruka, na ndiyo inayoamua iwapo kazi itadumu miaka mitatu au ishirini.

Mwenye gari asiyejua kuchomelea ana kazi nyingine nyingi za kufanya kwa mikono yake: kung'oa, kusafisha, kupiga picha kila hatua, kutia boliti katika mifuko na kuiandika. Fauka ya hayo, kazi hii ina hatari zinazowahusu hasa watu wa umri mkubwa. Asilale kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee; vigingi vya chuma lazima viwepo. Vumbi la breki na klachi za zamani lisipulizwe, kwani nyingi zilikuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa.

INJINI NA MOTO

Injini ndiyo inayomfanya mtu wa miaka 65 athubutu. Haina radieta, haina pampu ya maji, wala haina kompyuta. Silinda nne zimelala mbilimbili zikitazamana, zikipozwa na feni inayozungushwa na mkanda. Katika T2 nyingi ni ya sentimita mchemraba 1,600 na nguvu za farasi 47 hadi 50. Imeshikiliwa na boliti nne kwenye gia boksi, na watu wawili wenye jeki ya magurudumu wanaweza kuishusha asubuhi na kuirudisha kabla ya jua kutua.

Kenya inaijua familia ya injini hii vizuri. Beetle, iliyotumia injini ya aina hiyo, ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo barabara nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mafundi waliolelewa nayo bado wapo, lakini nao wamezeeka. Wengi wamefunga karakana zao na kurudi mashambani, na vijana wa gereji za leo, ambao hutanguliza kompyuta ya kupima hitilafu, hawana mahali pa kuichomeka. Anayeifahamu nyumba ya fundi wa aina hiyo afanye hima kwenda kumsalimia. Nusu saa ya kumtazama akirekebisha vali inafundisha zaidi ya kitabu.

Kazi hiyo ya vali hufanywa kila kilomita 5,000, injini ikiwa baridi kabisa, na nafasi inayoachwa katika injini ya 1,600 ni milimita 0.15. Wakati huohuo oili hubadilishwa. Injini hiyo hubeba lita 2.5 tu na haina filta ya karatasi, ila kichujio cha waya kinachooshwa na kurudishwa. Kwa kuwa oili ni kidogo na ndiyo inayosaidia kupoza, kuichelewesha ni kuiua injini. Injini kubwa za T2 za mwishomwisho, za lita 1.7 hadi 2.0, zina vipimo vyake na hazifai kuhudumiwa kwa kanuni za 1,600.

Hewa ya kupozea ina njia yake. Vipande vyote vya bati vinavyoizunguka injini, pamoja na mpira unaoziba ukingo wa chumba chake, vina kazi ya kuzuia joto la chini lisipande na kunyonywa tena na feni. Magari mengi ya Kenya yalipoteza vipande hivyo mikononi mwa mafundi walioviona kuwa mapambo. Injini ya namna hiyo huchemka bila ishara, kwa kuwa gari halina geji ya joto. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka njiani, huenda mkanda umekatika, na mkanda ukikatika feni nayo imesimama. Dereva asimame papo hapo, asijaribu kufika mji ulio mbele.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Mpira wa petroli wa miaka mingi hukauka na kupasuka, na tone moja likidondokea injini yenye moto linatosha kuliteketeza gari zima. Chuma cha injini ya 1,600 kina madini ya magnesi, ambayo yakishika moto huwaka kwa mwanga mkali, na maji huyachochea badala ya kuyazima. Magari mengi ya Kombi yaliyotengenezwa kwa miaka yamepotea kwa dakika chache kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho bei yake haifiki ya chakula cha mchana. Mipira yote ibadilishwe siku ya kwanza, hata kabla ya injini kuwashwa, na ifungwe kwa klipu madhubuti. Kizima-moto cha poda kikae karibu na dereva, si nyuma. Moto ukizuka, mfuniko wa injini usifunguliwe ghafla, maana hewa inayoingia huupa nguvu.

CHUMBA CHA KULALA

Makabati, kitanda na meza vinaweza kutengenezwa na seremala yeyote mwenye makini. Kinachosahaulika ni uzito. Mbao nyepesi za plaiwudi zinatosha. Mvule na mahogani zibaki majumbani. Betri ya pili kwa ajili ya taa za ndani nayo inafaa, ilimradi itenganishwe na ile ya kuwashia gari ili usiku wa kusoma usimwache mtu asubuhi akitafuta watu wa kusukuma.

Jambo lisilo na mzaha ni hewa. Joto la ndani ya Kombi hutoka kwenye mabomba ya ekzosti, ambayo yamevikwa makasha ya bati. Hewa hupita humo, ikapata moto na kuletwa kwa abiria. Makasha na mabomba hayo yakitoboka kwa kutu, moshi huingia pamoja na joto hilo, ukiwamo ule wa kaboni monoksidi usio na rangi wala harufu. Yakaguliwe kabla ya safari ya kwanza, au hita ifungwe kabisa. Kwa sababu iyo hiyo jiko la makaa lisiingizwe ndani ya gari kamwe, hata kama ni usiku wa baridi kule Nyahururu na makaa yameshakuwa majivu meupe. Jiko la gesi litumiwe mlango ukiwa wazi, na valvu ya mtungi ifungwe kabla ya kulala.

BARABARANI

Kombi halihitaji kidhibiti mwendo. Likiwa zima huenda kilomita 70 hadi 80 kwa saa bila kulalamika, na mlimani hupungua kadiri linavyotaka. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Farasi wa kitabuni ni wachache zaidi wanapofika huko. Safari ya Nairobi hadi Mombasa, yenye takriban kilomita 480, ihesabiwe kuwa ya kutwa nzima, au bora zaidi ya siku mbili, kwa kulala njiani. Hilo ndilo lililotengenezewa gari lenyewe.

Usukani hauna msaada wa umeme wala wa mafuta, na gari linapokuwa limesimama ni mzito kwa mabega yenye baridi yabisi. Breki za magari ya kabla ya 1971 ni za dramu magurudumu yote. Tangu wakati huo za mbele ni za diski. Upepo wa ubavuni hulisukuma Kombi kama tanga, na lori linapopita karibu gari huyumba. Zaidi ya yote, magoti ya dereva ndiyo bampa: mbele yake pana bati na kioo tu. Mikanda ya usalama iliyo imara, iliyofungwa kwenye chuma kizima, si suala la mjadala. Taa za zamani ni hafifu na macho ya miaka 65 hayaoni kama ya 30, basi safari ziishie jua linapotua. Uingereza humtaka kila dereva aliyefikisha miaka 70 aombe upya leseni kila baada ya miaka mitatu akieleza hali ya afya yake. Nchini Kenya mstaafu anaweza kujipangia ukaguzi wa namna hiyo mwenyewe, aanze na daktari wa macho.

Kuhusu karatasi, gari lililolala miaka ishirini mara nyingi lina logbuku iliyopotea au yenye jina la marehemu. Umiliki ulainishwe na mamlaka ya NTSA kabla ya senti kulipwa, kwa kuwa warithi hujitokeza gari likishang'aa. Kampuni nyingi za bima husita kulikatia gari la umri huo bima kamili. Panapopatikana inayokubali, thamani iandikwe katika mkataba kwa makubaliano, ikiambatanishwa na picha na risiti za kazi iliyofanywa. Wauzaji nao hupenda kutaja minada ya Marekani, ambako T1 za madirisha 21 au 23 zimewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Bei hizo hazihusiani na T2 iliyolala kwenye shamba la mahindi Kitale.

Vipuri vya kubeba safarini si vingi: mkanda wa feni, plagi, pointi za distribyuta, mpira wa petroli, balbu, na nyaya mbili, ya klachi na ya mafuta. Nyaya hizo hutoka miguuni mwa dereva hadi nyuma ya gari, na hukatika bila taarifa. Wakati wa kushuka Mai Mahiu, gia ya pili iingizwe juu kabisa kabla mteremko haujaanza, mguu upumzike, na wenye haraka waachiwe nafasi wapite.